Miche imejaa chini, kati hakuna kitu: huu msitu unarudi au haurudi?

#1 Jitu la Sigi
Wakuu salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, huku Usambara Mashariki, milimani juu ya Muheza. Tuna msitu wetu wa kijiji umepakana na hifadhi, tumeufunga miaka mingi, hakuna kupasua mbao, hakuna mkaa, mwanzoni tulipigana hadi na ndugu zetu. Juzi wamekuja vijana wa vipimo, wakafunga kamba, wakahesabu, sisi tukashika futi na kuwatajia majina ya miti. Jioni mkuu wao anasimama mbele ya mkutano anasema msitu "haujirithishi vizuri". Watu wakaguna ukumbi mzima. Maana chini ya mtambara, mti wetu mkubwa wa mbao, huna pa kukanyaga kwa wingi wa miche, na miche ya mti wa msambu ipo. Kaniachia karatasi nimeiangalia vizuri. Safu ya miche namba zimejaa, safu ya miti minene ya sm 40 kwenda juu nayo ina watu wake, ila hapo katikati, sm 10 mpaka 20, mtambara na msambu ni sifuri, sifuri, moja, sifuri. Sasa wajuzi nisaidieni, miche ipo, wazazi wapo, ulinzi upo, huyu bwana kapata wapi kwamba msitu haurudi? Au ndio wanatafuta mradi mwingine?

#2 Chura wa Bwawani
Nimekaa siti ya mbele, mwenye karanga apitishe.

#3 Mtafiti Njaa
Mkuu Jitu, huyo kijana hajakudanganya ila hajakueleza. Kujirithisha kwa msitu hakupimwi kwa miche peke yake. Msitu wenye afya ukipanga miti ya aina moja kwa unene unategemea kuona midogo mingi sana, ya kati kiasi, minene michache, unashuka hivyo taratibu. Wewe una midogo kibao, kati shimo, juu wazee. Maana yake miche inazaliwa inafia njiani, haifiki ukubwa wa kurithi nafasi ya mzee. Wazee wakianguka leo nani anachukua nafasi? Ndicho alichosema. Kwa nini inafa ndio swali, na hapo hata yeye pengine hajui.

#4 fundi_mbao
Mnazungukazunguka bure. Hiyo sm 10 mpaka 20 ndio saizi ya nguzo ya nyumba. Chini yake fito. Watu wa kamati wanalinda mti mnene kwa sababu ule ukianguka unasikika kijiji kizima, nguzo mtu anakata kwa panga asubuhi anapotafuta kuni anafunga mzigo anaondoka. Jitu nenda kahesabu visiki vya unene wa mkono wako halafu rudi hapa.

#5 Jitu la Sigi
@fundi_mbao kwetu sasa hivi watu wanajenga tofali bwana.

#6 fundi_mbao
Jiko? Banda la mbuzi? Choo? Uchaga wa kuanikia iliki? Haya.

#7 BintiKorogwe
Nimecheka hapo kwenye choo 😂. Ila fundi ana hoja, zile tafiti za uharibifu zilizofanywa kwenye misitu ya Usambara na ya pwani walikuwa wanatembea kwenye mstari wanahesabu kila nguzo na kila mti wa mbao uliopo, uliokufa wenyewe na uliokatwa, na uliokatwa wanautenga wa zamani na wa karibuni kwa rangi ya kisiki. Nguzo kwao ni sm 5 mpaka 15, ikizidi hapo inaingia kwenye mbao. Karatasi yako ina safu ya visiki? Kama haina basi mmehesabu waliohai tu, mtaanza kubishana wafu wamekwenda wapi.

#8 Jitu la Sigi
Haina safu ya visiki. Ina "maoni" tu, imeandikwa "msitu umeguswa kidogo".

#9 Dokta Ubao
Kabla hamjamsingizia mtu wa fito, muulizeni Jitu walipimaje. Ploti, yaani vile vipande mlivyohesabia, zilikuwa za umbo gani?

#10 Jitu la Sigi
Mduara. Unasimamisha mti katikati, futi inazungushwa, kuna duara dogo, kubwa kidogo, kubwa zaidi na kubwa kabisa.

#11 Dokta Ubao
Nilijua tu. Huo ni mtindo wa NAFORMA, ile tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyoanza 2009 ikamalizika 2014. Duara la mita 2 toka katikati unapima kuanzia unene wa sm 1, la mita 5 kuanzia sm 5, la mita 10 kuanzia sm 10, la mita 15 kuanzia sm 20. Kwa kujua nchi ina mbao kiasi gani, ni mtindo mzuri na unaokoa hela. Kwa swali la Jitu ni tatizo. Fanya hesabu mwenyewe, duara la mita 2 lina mita za mraba kama 12 na nusu tu. Kijiti kimoja humo ukikipeleka kwa hekta kinakuwa karibu 800. Mti mmoja kwenye duara la mita 15 unakuwa 14. Sasa duara likidondokea chini ya mtambara uliozaa mwaka jana unapata namba ya kutisha, ukihama hatua kumi unapata sifuri. Yaani hiyo safu iliyojaa inaweza kuwa imejaa kwa sababu ya kuzidisha, na sifuri za katikati zinaweza kuwa ni uchache wa ploti. Walipiga ngapi?

#12 Jitu la Sigi
Nilizoshiriki mimi ni nane, msitu mzima.

#13 Dokta Ubao
Nane! Kwa msitu wa mlima wenye mabonde na migongo! Kule Panama kwenye kisiwa cha Barro Colorado wana ploti moja ya hekta 50, mita 1,000 kwa 500, kila kijiti kuanzia sm 1 kimepimwa na kuwekwa namba, wameanza mwanzoni mwa miaka ya 80 na wanarudia kila miaka mitano. Aina kama 300 humo ndani. Na pamoja na hayo yote bado wanabishana kwa nini aina ni nyingi hivyo. Wewe unataka ploti nane zikuambie msitu unarudi.

#14 Mtafiti Njaa
Dokta usimkatishe mwenzio tamaa, kijiji hakina hela ya Panama. Na sifuri karibu tupu kwa aina mbili tofauti sio bahati mbaya tu.

#15 Dokta Ubao
Inaweza kuwa bahati mbaya. Halafu Jitu, mteremko mlirekebisha? Kwenye mteremko wa nyuzi 30 ukivuta futi mita 20 juu ya ardhi, ukiilaza unapata mita 17 na kidogo. Usambara hakuna pa tambarare zaidi ya uwanja wa shule.

#16 Jitu la Sigi
Walikuwa na kidude cha kupimia mteremko wanakitazama kwa jicho moja. Wakisema ongeza, tunaongeza. Hapo nawatetea.

#17 Mama Iliki
Habari zenu. Mimi nimezaliwa huko huko milimani na nimelima iliki na mama yangu, naona hamjaitaja. Iliki inataka kivuli. Mkulima hakati mti mkubwa, anafyeka chini. Kila mwaka unafyeka, miche yote inakwenda, na vijiti unaondoa ili iliki ipate hewa. Ukipita juu na ndege unaona msitu mzuri kabisa majani yamefunga, ukishuka chini hakuna mtoto hata mmoja. Mashamba mengi yaliachwa, wa upande wa Derema walilipwa fidia miaka ya 2000 wakaondoka ili ile sehemu iunganishe misitu. Sasa piga hesabu, shamba likiachwa miche inaanza upya, wazee walikuwepo tangu mwanzo, wa kati hawapo kwa sababu walifyekwa wakiwa wadogo. Jitu huo msitu wenu haukuwa na iliki?

#18 Jitu la Sigi
Mama shikamoo. Ulikuwa nayo sehemu za bondeni. Kule juu mgongoni haikuwepo.

#19 Mama Iliki
Marahaba mwanangu. Basi tenganisha karatasi, za bondeni peke yake na za mgongoni peke yake, uone.

#20 fundi_mbao
Mama Iliki heshima yako, umenipiga goli. Ila mgongoni ndiko kuliko na njia ya wakata fito.

#21 Omwana wa Bukoba
Mbona hamumtaji mhalifu mwenyewe, msizi? Kwetu Kagera tunauita muhumula na ni mti wetu wa asili, ila Usambara ulipelekwa, Wajerumani waliuotesha kwenye bustani yao ya Amani, ile iliyoanzishwa 1902, kisha baadaye sana misitu ilipovunwa kwa mashine ukapandwa kwenye mapengo kwa fujo. Hondohondo wanaupenda mno, wanameza tunda wanakwenda kutema mbegu kilomita huko. Mwanga ukipatikana tu msizi ushafika. Mtambara unakua polepole, unakuta nafasi imekaliwa.

#22 mpenda_miti_UG
Sisi Uganda twaita musizi, na musizi peke yake hauwezi kuua msitu. Kule msitu wa Budongo bwana misitu Eggeling aliandika 1947 kuwa musizi ndio wa kwanza kuingia kwenye nyasi, halafu inakuja miti mchanganyiko, mwisho kabisa muhimbi, mti mgumu kama chuma, unatawala. Na aliona aina za miti zinakuwa nyingi zaidi hapo katikati, mwishoni zinapungua. Watoto wa musizi hawawezi kivuli cha mama yao. Ngojeni tu, hiyo misizi yenu itakufa ikiwa mizee na mitambara itapanda.

#23 Omwana wa Bukoba
Itapanda na nini ikiwa katikati hakuna?

#24 mpenda_miti_UG
Na hiyo miche ya chini ndio nini?

#25 Omwana wa Bukoba
Ndio tunazunguka mbuyu sasa. Halafu hiyo ya Eggeling alipima ploti tofauti kwa wakati mmoja akazipanga kama vile ni msitu mmoja unaokua. Waliorudi kuzipima miaka ya 90 wamezua mjadala mpaka leo. Budongo ilivunwa, miti isiyotakiwa ikauawa kwa sumu, sio msitu wa maabara.

#26 Mtafiti Njaa
Omwana umegusa penyewe. Kupima mara moja halafu kusema "unakua" au "haukui" ni kusoma ukurasa mmoja wa hadithi. Unene sio umri. Mti wa kivulini unaongezeka milimita moja, mbili, tatu kwa mwaka, kijiti cha sm 5 kinaweza kuwa mzee kuliko mwenye shamba. Kujua kama miche inafa lazima uiwekee alama mche mmoja mmoja, urudi mwakani, useme huyu yupo, huyu hayupo, huyu mgeni. Na kuhusu msizi pale Amani, miaka ya 80 wataalamu waliandika kwa hofu kabisa kwamba utaumeza msitu, mpaka leo haujaumeza wote na haujaondoka.

#27 Nyoka wa Kijani
Wafini ndio walileta hayo yote. Walifadhili uvunaji, msitu ukabaki mashimo, wakaja tena kufadhili uhifadhi 😂😂

#28 BintiKorogwe
@Nyoka wa Kijani tuweke sawa. Kweli misaada ya Ufini iliingia kwenye uvunaji na kiwanda cha mbao miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, mtambara ulikuwa unatakiwa sana kwa plaiwudi, kelele zikawa nyingi uvunaji ukasimamishwa kwenye 1986 hivi, na mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji nao ukafadhiliwa na Ufini kuanzia miaka ya 90, hifadhi ya Amani ikatangazwa 1997. Lakini msizi haukuletwa na wao, ulikuwepo tangu enzi za Mjerumani. Na hapo kuna kitu kwa Jitu, waliovunwa walikuwa minene. Miti iliyotakiwa kuwa sm 10 mpaka 20 leo ni watoto wa wale waliopelekwa kiwandani. Mzazi hayupo, mbegu haipo kwa miaka hiyo.

#29 Jitu la Sigi
Sasa hiyo mizee iliyopo ya sm 40 na 60 imetoka wapi kama wazazi walikwenda kiwandani?

#30 BintiKorogwe
Iliyoachwa, haikufikia kipimo cha kuvunwa wakati ule. Imekua.

#31 Dokta Ubao
Hiyo nadharia ni nzuri sana ila huwezi kuithibitisha wala kuikanusha na ploti nane.

#32 Chura wa Bwawani
Dokta na ploti nane, wimbo wa taifa.

#33 Kisangani Boy
Jambo yenu bote. Miye ni wa upande ya Mambasa, Ituri. Kule kwetu kuko mti moja banaita mbau, inatawala msitu mzima, unatembea saa nzima ni mbau tu. Pale Epulu, ndani ya hifadhi ya okapi, kuliwekwa ma-ploti tangu 1994, ya hekta kumi kumi, mbili Edoro kwenye msitu ya mchanganyiko na mbili Lenda kwenye mbau, jumla hekta 40. Kile kinashangaza watu, mbegu ya mbau ni nzito, inaanguka chini ya mama, na watoto banaota pale pale kwenye giza na banakaa. Kuna wale banasema mtoto akiota karibu na mama lazima afe juu ya wadudu na magonjwa ya mama. Kwa mbau haiko vile. Sasa kwenu mtambara inaonekana watoto banakufa. Angalieni kama wale bako chini ya mama banakufa zaidi ya wale bako mbali.

#34 Mtafiti Njaa
Huyu Kisangani Boy ametisha. Hiyo ndio hoja ya Janzen na Connell ya 1970 na 1971: maadui wa mti wanajazana penye mti mzazi, kwa hiyo mbegu iliyobebwa mbali ndio ina bahati. Ikiwa ni hivyo basi tatizo la Jitu linaweza kuwa mbebaji. Nani anabeba mbegu za mtambara na msambu?

#35 Kipanga Mlimani
Msambu najua mimi. Tunda lake kubwa linaanguka lenyewe, mbegu ndani nyingi zina mafuta, watu tunakusanya tunauza, zinakamuliwa. Anayezibeba ni panya buku. Anaweka shavuni, anakwenda anazika, anasahau zingine. Mbegu ya msambu yenyewe haina haraka, inaweza kukaa ardhini miezi na miezi hata kuzidi mwaka ndio ichipue. Sasa sisi tunaokota mbegu zote tunauza, panya buku tunamla. Halafu tunauliza msambu uko wapi.

#36 Chura wa Bwawani
Panya buku ndio wale wa chuo cha SUA Morogoro wananusa mabomu?

#37 Kipanga Mlimani
Ndugu zao. Mmoja aliyeitwa Magawa alitunukiwa medali ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kutegua mabomu kule Kambodia. Wa kwetu anategewa mtego wa waya.

#38 fundi_mbao
Kutegua hategui, ananusa, binadamu ndio anategua. Tuwe wakweli hata kwa panya.

#39 BintiKorogwe
😂😂 jamani. Ila hoja ya wabebaji ina ushahidi huko huko Usambara. Kuna mti wa chini ya msitu unaitwa Leptonychia usambarensis, utafiti wake ulitoka 2003, waliona kwenye vipande vidogo vya msitu ndege wanaobeba mbegu zake wamepungua, na miche iliyo mbali na mzazi ikawa michache kuliko kwenye msitu mkubwa. Msitu wa Jitu ni kipande au umeshikana?

#40 Jitu la Sigi
Umeshikana na hifadhi upande mmoja, pande tatu ni chai na mashamba.

#41 msee wa Kakamega
Niaje wadau. Huku kwetu Kakamega kando ya msitu kuna mapera yameota yenyewe mashambani, ndege na nyani wanakuja kula, na chini ya hiyo mipera unapata miche ya miti ya msitu kabisa. Hakuna mtu aliipanda. Serikali yetu inataka miti bilioni 15 ifike 2032, watu wanapiga picha na miche kwenye mifuko, na hapo kando msitu unajipanda wenyewe bure mkiacha ng'ombe wasiingie. Jitu, ng'ombe huko hawaingii?

#42 Jitu la Sigi
Ng'ombe wa kwetu wanakatiwa majani, wako bandani. Mbuzi wanaponyoka, siwezi kukataa.

#43 mpenda_miti_UG
Ahaa, mbuzi.

#44 Mama Iliki
Mbuzi hafiki kule juu jamani, baridi na ruba. Msimsingizie.

#45 Mzee wa Majina
Nasoma tangu mwanzo nimenyamaza. Nimefanya kazi ya kutambua mimea na watafiti kwa muda mrefu, kazi yangu ni kuangalia jani na kusema huu ni nani. Naomba niulize, hiyo miche nani aliitaja? Mtu mzima wa kijijini mti mkubwa anaujua kwa gome, mche hauna gome. Mche wa msambu na wale wa jamii yake wanafanana sana wakiwa na majani mawili matatu, wote wana jani nene linalong'aa na ukikwaruza kikonyo wanatoa utomvu. Watu wanaandika "msambu" ploti nzima, kumbe nusu yake ni mti mwingine ambao hata hautakiwi kuwa mnene, unaishia unene wa mkono. Hapo utakuwa na miche mingi ya "msambu" na katikati sifuri, na hakuna aliyekufa. Mtambara ni rahisi zaidi, kwangua gome la kijiti kwa ukucha subiri kidogo, utomvu unatoka mwekundu. Ila kamche ka mwaka huu hakana cha kukwangua, hapo unafukua taratibu unatafuta ganda la mbegu, likiwa bado limeshika chini umemjua mama yake.

#46 Jitu la Sigi
Mzee shikamoo. Miche alitaja kijana mmoja wa kwetu, mwepesi kweli kweli, hata hainami.

#47 Mzee wa Majina
Marahaba. Hainami 🙂. Haya.

#48 Dokta Ubao
Naomba nisome tena post #45 mara ya pili. Mzee umewahi kuwaeleza hao watafiti?

#49 Mzee wa Majina
Wanaotaka wanauliza. Wanaokimbizana na ploti tano kwa siku hawaulizi. Mwenye akili anachukua kijani cha kila aina anakikausha kwenye magazeti, anapeleka kulinganisha na vilivyohifadhiwa Chuo Kikuu Dar au Arusha, huko ndio utajua una aina ishirini au thelathini. Nimeona orodha ya msitu mmoja ikipungua ilipofika huko, majina matatu yakawa mti mmoja, na jina moja likapasuka likawa miti miwili.

#50 Nyoka wa Kijani
Kwa hiyo wanaposema Usambara kuna aina kadhaa ambazo hazipo popote duniani zinaweza kuwa ni majina tu?

#51 Mtafiti Njaa
Hapana Nyoka, usiruke huko. Za kipekee zipo, zimekusanywa na kulinganishwa zaidi ya karne moja. Mtambara wenyewe jina lake la kitaalamu ni Cephalosphaera usambarensis. Lile ua dogo la zambarau ambalo wazungu wanaliweka madirishani, dughulushi, mbegu zake zilitoka huko huko Usambara 1892 alizituma Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani. Mzee anaongelea makosa ya siku ya kazi, ambayo ni kitu kingine. Halafu kuhesabu aina nako kuna mtego wake. Ploti yenye aina kumi, tisini kati ya miti mia ikiwa msizi, na ploti yenye aina kumi zilizogawana kumi kumi, ukihesabu aina tu zinalingana. Ndio maana wanatumia ile faharasa ya Shannon, namba inayoangalia idadi ya aina pamoja na mgawanyo. Na mapengo yakifunguka aina zinaongezeka kwa muda, zinaingia za mwanga, mkumba na wenzake, mtu anaandika ripoti "anuwai imepanda" kumbe ni msitu umekatwakatwa.

#52 fundi_mbao
Kwa hiyo ukitaka ripoti nzuri kata miti kidogo 😂 nimeelewa.

#53 Mtafiti Njaa
Fundi wewe utatuletea matatizo.

#54 Omwana wa Bukoba
Bado nasimama na msizi. Majani yake yanaoza haraka, chini unabaki udongo mtupu, mvua za Usambara zinakwangua, kamche kanasombwa. Jitu ukipita chini ya misizi kuna majani makavu au udongo?

#55 Jitu la Sigi
Kusema kweli chini ya misizi ni udongo na mizizi nje nje. Lakini miche mingi haipo kule, ipo kwenye mitambara.

#56 mpenda_miti_UG
Sasa hapo umetusaidia au umetuchanganya?

#57 Jitu la Sigi
Wakuu nimewasoma wote. Kamati tumekaa jana, nikawasomea hizi post kwenye simu, walicheka sana na choo cha fundi. Tumekubaliana hivi, tutaweka ploti zetu wenyewe chache, mbili bondeni kulikokuwa na iliki, mbili mgongoni, moja chini ya misizi. Tunahesabu visiki. Kila mche wa mtambara unawekewa alama na unaangaliwa baada ya mvua za masika na baada ya vuli. Mzee wa Majina tunaomba uje tukulipie nauli. Kijana asiyeinama ameambiwa atainama. Swali langu, alama ya mche iwe ya nini? Tulifikiria vibati vya alumini.

#58 Kipanga Mlimani
Vibati vya alumini vitauzwa vyuma chakavu kabla ya masika. Nimeshaona.

#59 Mzee wa Majina
Nitakuja. Msifunge kamba kwenye shina la mche, unanenepa kamba inaukaba, mtasema umekufa na mlioua ni ninyi. Chomekeni kijiti pembeni, upande wa juu wa mteremko, na utepe wa plastiki wenye namba ya penseli. Wino unafutika, penseli haifutiki.

#60 Dokta Ubao
Na kwenye miti mikubwa msumari wa namba usigongwe pale pale mita 1.3 mnapopimia, pakivimba mtasema mti umekua. Wekeni juu zaidi na wote umbali ule ule. Yenye mizizi mipana inayopanda na shina pandeni mpime juu yake, muandike kabisa mmepima urefu gani, atakayekuja baada ya miaka mitano apime hapo hapo. Na ploti tano bado ni chache.

#61 Chura wa Bwawani
Nilikuwa naisubiri hiyo.

#62 fundi_mbao
Jitu mkihesabu visiki msiende na mwenyekiti wa kitongoji, chooni kwake napajua nguzo zilikotoka.

#63 Jitu la Sigi
Fundi wewe ni wa kijiji gani kwani?

#64 fundi_mbao
Napita tu mkuu.

#65 Nyoka wa Kijani
Mama Iliki samahani natoka nje ya mada, iliki kavu kilo sasa hivi huko inakwenda bei gani?

#66 Mama Iliki
Inategemea umekuja na gari au na maneno. Njoo inbox.